Asiyechorwa Hayupo

6 Januari

Daftari hili nililinunua la kuandikia namba za fremu. Leo ukurasa wa kwanza nimeujaza matusi, nimeuchana, na naona afadhali liwe shajara. Katika studio hii hakuna mtu unayeweza kumweleza jambo akanyamaza.

Jumamosi tulikuwa Katumba kurekodi kwaya. Waimbaji wanane, wimbo mmoja, "Tulipandwa Hapa", dakika nne na sekunde kumi, wamesimama ukumbini mbele ya kitambaa chetu cha kijani. Asiyejua kazi yetu ajue hivi: unaiambia kompyuta iondoe kila kilicho kijani, halafu nyuma ya watu unaweka unachotaka. Hawa wanataka maporomoko ya maji na tausi wawili. Sawa, wimbo ni wao.

Walivaa makoti ya mvua mpaka dakika ya mwisho. Walipoyavua nikamwambia bosi wangu, Uwesu, "Bosi, sare yao na kitambaa chetu vinafanana." Akasema, "Vinafanana tu, si kimoja. Kompyuta itajua." Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshachoka kubishana na dada mmoja mwenye mkongojo aliyegoma kukalia kigoda.

Leo asubuhi nimebonyeza. Kijani kimeondoka chote, na waimbaji wameondoka nacho. Vimebaki vichwa vinane vinaimba hewani na viganja vinapunga bila mikono.

7 Januari

Si kufanana. Ni kitambaa kimoja.

Mke wa Uwesu, Zakia, ana duka la vitambaa mlango wa tatu kutoka kwetu, hapa Kashaulili. Amekuja, ametazama vichwa, amecheka mpaka mtandio umedondoka. "Mlichukua mita sita mkasema ni za studio. Jora lililobaki akaja mzee wa kwaya, akalichukua lote la sare. Mimi ningejuaje mnakwenda kumpiga mtu picha mbele ya ndugu yake?"

Uwesu hajacheka. Mimi nimecheka, halafu nikakumbuka nani atakayefanya kazi.

9 Januari

Uwesu amempigia simu Mzee Methusela, mwenyekiti wa kwaya, kuomba turudie. Ameweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Turudie na sare ipi, bwana? Hii ndiyo tuliyo nayo. Na watu wako kwenye tumbaku, nyie vijana wa mjini hamjui tumbaku haingoji. Uzinduzi ni Jumatatu ya Pasaka. Kadi zimeshagawiwa."

Kwa hiyo ni kuwachora. Fremu ishirini na tano kila sekunde, zaidi ya elfu sita kwa wimbo mzima. Kila mtu azungushiwe mstari kwa mkono, tuseme huyu ni mtu, kile ni kitambaa.

13 Januari

Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza, kompyuta ichague yenyewe. Unamgusa mtu na yenyewe inamfuata. Uwesu anaipenda kwa sababu haina mdomo. Imemfuata vizuri Lucia, mwimbaji wa sauti ya kwanza, kwa sekunde mbili, halafu ikakiona kiuno chake ni kitambaa, ikakiacha. Tumbo la Methusela imeliacha kabisa. Mkunjo wa kitambaa cha nyuma imeuchukua, ikauhesabu kuwa mwimbaji wa tisa.

Ya pili, kalamu, mstari mmoja wa kumzunguka mtu mzima. Mstari unashikwa na nukta sitini. Mtu akinyanyua mkono, nukta zote sitini zinataka kupangwa upya, na ukiwa mvivu hata kidogo mwili wake unachezacheza kama maziwa kwenye kibuyu.

Ya tatu ndiyo nimeichagua. Kila mtu namgawa vipande. Kichwa na maski yake, yaani mstari wake wa kukizunguka, kifua na yake, mkono wa juu, kiwiko kushuka, kiganja. Kila kipande kina nukta chache na kinafuata mfupa wake. Nachora pale mwendo unapogeuka tu, katikati kompyuta inajaza.

"Huko ni kuchinja ng'ombe," Uwesu amesema.

"Ndiyo. Na mimi Nyanzala ni mtoto wa wafugaji, Bosi. Najua viungo vinaachana wapi."

17 Januari

Lucia: kichwa na kifua. Mvua.

18 Januari

Mvua. Umeme hakuna.

22 Januari

Umeme hakuna. Nimekaa chumbani kwangu Shanwe nikiinua mkono mbele ya kioo, kuona kiwiko kinatangulia au kiganja. Kiwiko. Mama mwenye nyumba amechungulia akauliza kama ninaombewa.

29 Januari

Lucia amekwisha. Kasimama mzima mbele ya maporomoko, hata vidole vyake vinahesabika. Uwesu amekuja na chai, kasimama nyuma yangu, kasema, "Mh." Kwa Uwesu hiyo ni hotuba.

3 Februari

Leo nina hasira, nitaandika mpaka ziishe.

Methusela amekuja kutoka Katumba, na matope mpaka magotini. Nikamwekea kiti. Ni mtu mpole, anasalimia mpaka wasiokuwepo. Amemtazama Lucia, amefurahi. Kisha amenyoosha kidole kwenye ukingo wa picha, kushoto kabisa.

"Huyu hapa. Esteria. Nilitaka tuzungumze."

Esteria ndiye yule dada wa mkongojo. Ndiye anayeanzisha wimbo. Wengine wanaingia nyuma yake.

"Sauti yake nzuri, ibaki," Methusela amesema. "Ila yeye asionekane. Yuko pembeni, hatawasumbua. Mkimtoa, picha itakuwa safi."

Nimemuuliza, "Kwani amefanya nini, mzee?"

"Hajafanya kitu. Ni dada yetu, tunampenda. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi nimezaliwa Katumba, ikiwa makazi ya wakimbizi. Nikiwa mdogo walikuja wageni na kamera, wakatupanga, mwenye bakuli mbele, mwenye kidonda mbele. Picha zilikwenda kwao, watu wakatulilia. Sasa tuna mashamba, tuna uraia, tuna kwaya. Video hii ikifika mbali, wataona nini kwanza? Watauona mkongojo. Watasema, hawa tena, wanaomba."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa. Lakini kumwelewa mtu si kumkubalia.

Uwesu akadakia. "Tena mkongojo unapita mbele ya miguu, kuuchora ni balaa. Tukimtoa tunaokoa wiki mbili. Nyanzala, kwa njia yako hiyo ya vipande, kumtoa ni nini?"

Nikamjibu ukweli. "Si kitu. Simchori tu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa njia hii kila kitu kinaondolewa, hivyo mtu anaonekana kwa sababu nimemzungushia mstari. Nisipomzungushia, basi. Hakuna wa kumfuta wala wa kubeba lawama. Katika kazi hii asiyechorwa hayupo.

Na kuna jambo sikulisema mbele yao, naliandika hapa. Esteria hakusimama pembeni kwa bahati. Nilimsogeza mimi. Siku ile, alipokataa kigoda akasema, "Mimi nasimama na mti wangu," nilimwambia sogea kushoto, sogea tena, sogea kidogo tena, ili fremu ikae vizuri. Nilimtayarisha kwa ajili ya kukatwa bila kujua.

"Sawa, Bosi," nimesema.

4 Februari

Nimeanza kumchora Esteria.

Nilipaswa kuendelea na wa pili kwenye mstari. Nimemruka, nimewaruka wote, nimekwenda ukingoni. Akishakwisha yeye, watakuja wa kuniambia ni mgumu, nami nitakuwa na cha kuwaonyesha. Uwesu akipita nyuma yangu navuta picha upande wa kulia.

11 Februari

Eti balaa! Mkongojo umekwisha leo kabla ya saa sita mchana.

Mti haukunji. Nukta nne, mbili kwapani na mbili chini, basi. Rangi yake ya kahawia haiko popote kwenye kitambaa, hivyo kompyuta yenyewe imeufuata mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Walichosema kitanimaliza ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika wimbo huu. Mgumu ni Mzee Methusela mwenyewe, na mikono yake mipana ya sare inayopepea. Kama tungekuwa tunamtoa mtu kwa ugumu wake, angetoka mwenyekiti.

Na kuna zaidi. Nimesikia kitu kwenye sauti nilichokuwa nakisikia wiki zote bila kukisikiliza. Tok. Tok. Ni mkongojo unagonga sakafu. Hawakuwa na ngoma siku ile, walikuwa na yeye. Kwenye mchoro wa sauti kila pigo lake linasimama wima kama mwiba, na kila mwiba ndipo wote wanane wanapogeuza mwendo. Pale pale ndipo natakiwa kuweka nukta zangu. Sasa sikisii tena. Naenda kwa mkongojo.

12 Februari

Watu wawili kwa siku sita ndiyo hesabu yangu mpya. Nimeimba njia nzima mpaka nyumbani.

19 Februari

Mvua kubwa. Barabara ya Katumba imekatika, wamesema redioni. Nimemaliza mkono wa kulia wa Capitoline na kiganja cha Kija, waimbaji wengine wawili.

24 Februari

Esteria amekuja studioni kwetu kwa miguu yake. Barabara imepitika jana, na amekuja kwa fundi viatu wa hapa sokoni, amwekee mkongojo mpira mpya wa chini, wa tairi. Ule wa zamani ulikuwa umekwisha tangu Desemba.

Uwesu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nikasema, hapa hapa. Nimemkalisha, nimemweleza yote: kwamba wanataka sauti yake bila yeye, kwamba simtii mtu, kwamba nimeshamchora. Nilikuwa najisikia shujaa, nisijidanganye. Nikabonyeza.

Ametazama dakika nne na sekunde kumi bila kupepesa. Mwisho amesema, "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi chao, na mimi nikatabasamu nikingoja shukrani.

"Mguu wangu uko wapi?"

"Upi?"

"Wa kushoto. Nina miguu miwili, dada. Mmoja haufiki chini, lakini ninao. Hapa naona mmoja na sketi."

Nimetazama. Kweli haupo. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba, unaning'inia shubiri moja juu ya sakafu, na unayumba anapogeuka. Nilipoufikia nilikata maski kwenye upindo wa sketi. Nakumbuka kabisa nilivyowaza: ukionekana unaning'inia, watu watadhani nimekosea.

Nikaanza kujieleza. Amenikatisha kwa upole ambao ni bora angenizaba kofi.

"Methusela anaona haya, kwa hiyo ananitoa mzima. Wewe unanipenda, kwa hiyo unanitoa mguu. Nyie wote mnanisaidia. Unichore hivyo hivyo nilivyo. Usininyooshe."

Ameondoka na mpira wake mpya, kimya kabisa kwenye saruji. Nimekaa mbele ya ile picha na uso unawaka. Nilikuwa namlaani Methusela kwa wiki tatu, kumbe mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

25 Februari

Mguu wa kushoto. Nukta tisa. Unafuata nyonga, haufuati goti.

26 Februari

Mguu.

27 Februari

Mguu umekwisha. Unaning'inia vizuri.

5 Machi

Ramadhani imeanza, Uwesu amefunga na hasemi sana. Ni mwezi mtukufu kwetu sote.

20 Machi

Uwesu ameona.

Nilikuwa nimekwenda kununua maandazi, nikarudi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, wimbo unacheza, wote wanane wamo, imebaki mikono ya Methusela tu.

"Nilisema nini mwezi wa pili?"

"Ulisema mkongojo ni balaa, Bosi. Nimeumaliza asubuhi moja."

"Sikuulizi mkongojo. Mteja alisema nini?"

"Alisema sauti ibaki, mtu aende. Mimi siwezi kazi hiyo. Tafuta mwingine aanze moja, amtoe nani amwache nani. Vipande vyangu vyote nitavifuta."

"Utaifuta miezi mitatu?"

"Jaribu."

Maandazi yananukia mkononi mwangu, na yeye kafunga. Akageuka kwenye skrini. Uwesu si mjinga, amenifundisha kazi hii yeye. Anajua kila mtu nimemweka tabaka lake, na kila tabaka lina kitufe kidogo cha jicho. Akabonyeza jicho la Esteria. Akapotea, rahisi hivyo.

Wimbo ukaendelea. Watu saba wanayumba kuelekea mahali pasipo na mtu. Tok, tok, tok.

Zakia akaingia kuchukua funguo za duka. Akasimama akatazama.

"Huyo anayegonga yuko wapi?"

Akauliza tena, maana Zakia hapendi kunyimwa jibu. "Nasikia mtu anagonga. Mbona simwoni?"

Uwesu amebonyeza jicho tena, Esteria amerudi, na mguu wake. "Huyo hapo," amemwambia mkewe. Kachukua kofia yake akatoka.

31 Machi

Idd. Zakia ameniletea pilau sahani nzima na mfuniko. Chini ya sahani kijikaratasi: "Ya yule anayegonga." Nimekula peke yangu, namtakia heri yeye na jora lake.

9 Aprili

Mikono ya Methusela imekwisha. Mungu amrehemu aliyeshona sare zile.

16 Aprili

Methusela amekuja kuangalia kazi. Ametazama mara moja.

"Tulikubaliana," akasema.

"Nyie ndio mliokubaliana, mzee."

"Mtoe sasa, nasubiri."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Nikamtazama Uwesu, nikajua yamekwisha. Ni mibonyezo miwili, wa kumtoa na wa kuhifadhi. Uwesu akakuna ndevu. Akasema, macho yakiwa ukutani, "Hata ingekuwa anataka, mzee, haiwezekani. Ameshonewa ndani. Ukimvuta yeye wanafumuka wote."

Ni uongo mtupu, na ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kusema studioni.

Methusela ameiweka flashi kwenye bahasha, bahasha kwenye Biblia. Mlangoni amegeuka. "Haya. Video mmeshinda. Lakini siku yenyewe watakuja wageni. Yeye atakaa benchi. Kwenye kusimama hapo mbele, mimi ndiye mwenyekiti."

21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, Katumba. Mvua imetupa nafasi.

Nilikwenda na kamera kurekodi uzinduzi. Ukumbi ni ule ule, umejaa mpaka madirishani. Esteria alikuwa benchi la nyuma, amevaa sare, mkongojo umelala mapajani. Hakunitazama.

Wakaonyesha video kwenye shuka. Watu walishangilia tausi, walishangilia maji, walitaja majina ya watoto wao. Ilipofika ubeti wa pili kelele zikapungua zenyewe. Nyuma yangu bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyo si Esteria? Yuko wapi leo?" Vichwa vikaanza kugeuka. Shuka linagonga tok, tok, na yeye kakaa kama mgeni.

Kisha kwaya ikaitwa kuimba yenyewe, mbele ya watu. Wakapanga mstari, saba. Methusela akanyanyua mkono. Lucia akaanzisha, juu mno. Wengine wakaingia mmoja mmoja kama mbuzi mlangoni. Mstari wa tatu wakasimama. Methusela akatabasamu kwa wageni, akanyanyua mkono tena. Wakaanza tena, wakasimama tena. Mtoto akacheka.

Nikageuza kamera nyuma. Esteria alikuwa ameinama. Nikadhani analia, nikaona aibu kumpiga picha. Halikuwa kilio. Alikuwa anavuta ule mpira wa tairi kutoka kwenye ncha ya mkongojo, kwa mikono miwili, meno yameuma mdomo. Ukatoka. Akauweka kwenye benchi, akasimama.

Tok.

Ukumbi mzima ulisikia, mti mtupu juu ya saruji. Tok. Akaja mbele katikati ya mabenchi, kwa mwendo wa wimbo, wala hakuharakisha, na alipofika katikati ya ukumbi aliuanzisha mwenyewe, chini kidogo, mahali pake panapostahili. Wale saba wakaingia nyuma yake wote kwa pamoja.

Methusela alikuwa amesimama katikati ya mstari. Nilimwona akimtazama anavyokuja, na uso wake ulipita mambo mengi ambayo siwezi kuyaandika kwa haki. Kisha akapiga hatua moja kulia, akabaki na nafasi tupu ubavuni mwake. Hakumsukuma pembeni. Esteria akaingia hapo hapo katikati, mguu unaning'inia.

Mimi nilikuwa na jicho kwenye kamera. Wanane walikuwa hawaenei. Kwa mazoea nilishanyanyua mkono wangu wa kushoto kuwapungia wasogee, wabanane, fremu ikae vizuri.

Nikaushusha. Safari hii nilisogea mimi.